Diski ya nje na umeme wa Lubumbashi: kwa pesa kidogo, ununue nini kwanza?

Wapiga video za harusi wa komuni za Katuba na Kenya, wanafunzi wa kampasi ya Kasapa wenye memwari (tasnifu) iliyofikia sura ya mwisho, makatibu wa parokia wanaotunza daftari za ubatizo kwenye kompyuta: wote wana diski ya nje, wote wanaishi na delestaji (umeme kukatwa kwa zamu), na wengi wana pesa ya kununua kitu kimoja tu mwezi huu. Je, kiwe kebo mpya, habu ya USB yenye adapta yake, pawabenki, regilatere (kifaa cha kusawazisha volti), ondilere (UPS, kifaa chenye bateri kinachoshika umeme unapokatika), au diski ya aina nyingine kabisa?

Jibu langu nalitoa mapema. Kama diski yako ni ile ndogo isiyo na adapta, na una laptopu ambayo bateri yake bado inashika, tayari una ondilere nyumbani. Pesa ya kwanza iende kwenye kebo fupi na nzuri. Ya pili iende kwenye bateri ya laptopu, ikiwa imeanza kuchoka. Mambo yanabadilika ukiwa na diski kubwa ya mezani au kompyuta ya mezani, na huko ndiko watu wanakopoteza pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa huko kwa kirefu.

Geuza diski yako usome mgongo wake

Diski za nje ni za aina mbili, na huwezi kulinganisha chochote kabla ya kujua yako ni ipi. Ile ndogo inaingia mfukoni. Ndani yake kuna diski ya inchi 2.5, nayo inakula volti 5 tu, kupitia kebo ileile inayobeba mafaili. Ile kubwa inakaa mezani, ni nzito, ndani yake kuna diski ya inchi 3.5, na haiwaki bila adapta ya ukutani, kwa kawaida ya volti 12 na ampea 1.5 au 2. Mota yake inazihitaji zile volti 12, na tundu la kawaida la USB halizitoi. Hakuna kebo ya ujanja itakayoiwasha kutoka kwenye laptopu, hata muuzaji akuapie.

Kazi ngumu ya diski ni kuanza. Anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala (makaa ya kupikia) kuingia mjini anajua kwamba kuiondoa iliposimama ndiko kunakommaliza. Ikishatembea, mzigo unajisaidia. Diski ndogo inaweza kuvuta karibu ampea 1 katika sekunde za kwanza, kisha ikiandika inashuka hadi karibu nusu ya hapo. Diski kubwa inaweza kufika ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza, halafu ikatulia kwenye wati 5 hadi 8 hivi. Unapochagua chanzo cha umeme, hesabu ule mwanzo.

Sasa angalia kompyuta inaahidi nini. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa ampea 0.5. La USB 3.0, ambalo mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani, linatoa 0.9. Kompyuta nyingi zinatoa zaidi kidogo ya kanuni, na ndiyo maana diski ile ile inawaka vizuri kwa jirani na kukataa kwako. Hakuna uchawi hapo.

Umeme usipotosha, diski inalia tik, inajaribu kuzunguka, inakata, inajaribu tena. Au inaonekana vizuri kabisa, unafungua folda, lakini ukianza kunakili video ya giga kumi inapotea kwenye skrini. Wengi wakisikia ule mlio wanasema diski imekufa. Huenda imekufa kweli, kwa sababu kichwa cha kusomea kikiharibika nacho hulia hivyo. Lakini kabla ya kumlipa mtu, jaribu kebo fupi, tundu la buluu, na kompyuta nyingine. Na usikubali diski ifunguliwe mezani kwa fundi wa simu. Vumbi jekundu la kiangazi chetu likiingia kati ya kichwa na sahani, hata kilichokuwa kinaweza kuokolewa kinapotea.

Laptopu au kompyuta ya mezani

Umeme ukikatika, laptopu yenye bateri nzima inahamia kwenye bateri bila pengo lolote, na tundu lake la USB linaendelea kutoa volti 5. Diski ndogo iliyochomekwa hapo haijui kwamba mtaa mzima umeingia giza. Unamaliza kunakili, unaitoa kwa utaratibu, unafunga kazi. Kompyuta ya mezani inazimika palepale, na diski inazimika pamoja nayo, hata kama ilikuwa katikati ya kuandika.

Kwa hiyo laptopu ambayo bateri yake ilishakufa, inayowaka ikiwa imechomekwa tu, ihesabu kuwa kompyuta ya mezani. Mtu wa namna hiyo akiniuliza kama anunue ondilere, namwambia aulize kwanza bei ya bateri ya modeli yake. Bateri ya laptopu ya kawaida ina wati-saa 40 au zaidi, inalisha laptopu na diski bila kugeuza umeme kuwa volti 220 na kuurudisha tena chini, na unaibeba popote. Ondilere inakaa nyumbani, na sehemu ya nguvu yake inapotea katika kule kugeuza.

Tahadhari moja. Bateri ikikaribia kuisha, laptopu inajilaza yenyewe na kukata tundu za USB. Delestaji ikikukuta katikati ya kunakili, maliza faili ulilonalo, kisha toa diski. Usianze kunakili harusi nzima ukiwa na asilimia 20.

Kebo: bei ndogo, shida nyingi

Hapa sitaki kupita haraka, maana hiki ndicho kitu cha bei ya chini kuliko vyote, na ndicho kinacholaumiwa mwisho.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa shaba. Waya wa shaba wa kipimo cha 28 (AWG, namba ya unene wa waya) una ukinzani wa karibu om 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita 1 ni mita 2 za waya, yaani om 0.43 hivi. Diski ikivuta ampea 0.9, volti 0.38 zinabaki njiani. Zilitoka 5 kwenye kompyuta, zinafika 4.62. Diski nyingi zimetengenezwa zipate angalau 4.75. Chukua sasa kebo ya urefu uleule yenye waya wa kipimo cha 24, ambao ni mnene zaidi: zinazopotea ni 0.15 tu, diski inapata 4.85. Au bakia na waya mwembamba wa 28 lakini kebo iwe ya sentimita 30: unapoteza 0.12 hivi, nayo inatosha.

Maana yake ni kwamba kebo fupi ya bei ndogo inaishinda kebo ndefu ya bei ileile, na kebo ya kurefusha ya USB isiingie kabisa katika hesabu ya diski. Kipimo kinaandikwa ubavuni kwa herufi ndogo. Ukikuta 28AWG/1P na 24AWG/2C, namba ya kwanza ni ya nyaya za data na ya pili ni ya nyaya za umeme. Tazama hiyo ya pili, na kumbuka kwamba namba ikishuka waya unanenepa. Kebo isiyoandikwa chochote inaweza kuwa na alumini iliyopakwa shaba, na alumini ina ukinzani wa mara 1.6 hivi ukilinganisha na shaba.

Tazama pia upande wa diski. Diski nyingi ndogo bado zina kile kichwa kipana, chembamba, kilichogawanyika sehemu mbili. Kinalegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Kikitikisika na diski ikapotea, kebo mpya ni dawa ya baadhi ya kesi hizo. Katika nyingine tatizo ni tundu la diski lenyewe, na hilo linahitaji fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea.

Sokoni, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji kwa heshima: «Yaya, niache nijaribu na diski yangu mbele ya kulipa.» Anayeuza kebo nzuri hakatai.

Tundu likiwa dhaifu: kebo ya vichwa viwili, habu, au pawabenki

Tuseme kompyuta yako ni ya zamani, ina USB 2.0 tu, na kebo fupi haikusaidia.

Kebo ya vichwa viwili inachomekwa kwenye matundu mawili ya kompyuta: kichwa kimoja kinabeba data na umeme, cha pili kinaongeza umeme tu. Ni rahisi, haina adapta, na kama kompyuta ni laptopu, ulinzi wa bateri unabaki palepale. Sharti ni moja: vichwa vyote viwili viingie kwenye kompyuta ileile. Usichomeke kile cha pili kwenye chaja ya simu ukutani. Katika kebo nyingi za aina hii nyaya mbili za volti 5 zimeunganishwa moja kwa moja, kwa hiyo chaja inaweza kusukuma umeme kurudi ndani ya kompyuta. Chaja ya bei ndogo ikiharibika na kutoa volti nyingi, inakuunguzia kompyuta na diski kwa pamoja.

Habu yenye adapta yake inaonekana kuwa suluhisho la watu wakubwa, na kwa kompyuta ya mezani iliyo nyuma ya ondilere ni nzuri kweli. Soma adapta yake: volti 5 kwa ampea 2 inatosha diski moja na kipanya na flashi. Diski mbili zikianza kuzunguka kwa wakati mmoja, zinaigusa ile 2 na hakuna kinachobaki. Lakini tazama mtego wake kwa mtu wa laptopu. Adapta ya habu iko kwenye prizi. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea, habu inapoteza nguvu yake, na diski inaanguka katikati ya kuandika. Umenunua kifaa kikakuondolea ulinzi uliokuwa nao bure. Habu kwa laptopu ina maana pale tu adapta yake nayo inapokaa kwenye ondilere.

Kuna habu za bei ndogo ambazo zinarudisha umeme wa adapta ndani ya kompyuta. Kuzipima ni rahisi: zima kompyuta kabisa, ichomoe ukutani, na kama ni laptopu angalia taa zake, kisha chomeka adapta ya habu. Taa ya kompyuta ikiwaka au feni ikizunguka, irudishe habu hiyo kwa muuzaji.

Pawabenki ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu kila mtu anayo na kila mtu anafikiri inafaa. Ya miliampea-saa 10 000 ina wati-saa 37 ndani yake. Ukitoa kinachopotea katika kupandisha volti, kwenye karatasi inaweza kulisha diski ndogo kwa saa kumi hivi. Tatizo liko pengine. Nyingi zinajizima zikiona mzigo umekuwa mdogo, na diski iliyolala inavuta kidogo sana. Nyingi pia zinakata kwa kitambo kidogo mara unapoanza kuzichaji au umeme unapokatika. Kwa simu kitambo hicho si kitu; diski inayoandika inaweza kupoteza faili. Itumie kwenye habu ikiwa huna njia nyingine, iwe imejaa, isiwe inachajiwa, na usiiache peke yake.

| Njia | Umeme wa mtaa ukikatika | Inamfaa nani | Gharama |
|---|---|---|---|
| Kebo fupi, tundu la USB 3.0 la laptopu | Diski inaendelea | Karibu kila mwenye diski ndogo | Ndogo kabisa |
| Kebo ya vichwa viwili | Inaendelea kwenye laptopu | Laptopu ya zamani | Ndogo |
| Habu yenye adapta | Diski inakatika | Kompyuta ya mezani yenye ondilere | Ya kati |
| Pawabenki | Hutegemea pawabenki | Dharura | Ya kati |
| Bateri mpya ya laptopu | Inaendelea | Laptopu isiyoshika chaji | Ya kati hadi kubwa |
| Ondilere | Inaendelea kwa dakika kadhaa | Kompyuta ya mezani, diski kubwa | Kubwa |

Diski kubwa ya volti 12

Tuanze na adapta, kwa kuwa adapta ya diski ikipotea, nyumbani kuna nyingine nyingi zenye kichwa kinachoingia. Kichwa kuingia hakuthibitishi chochote. Adapta ya laptopu ya volti 19 inaweza kuwa na kichwa kinacholingana, na ikiingia inaunguza saketi ya diski kwa mara moja. Vitu vinne lazima vikubaliane: volti ziwe 12 kamili, ampea ziwe sawa na za adapta ya zamani au zaidi, ile alama ndogo ya duara ionyeshe chanya iko katikati kama ilivyochorwa kwenye diski, na unene wa kichwa ubane vizuri. Ampea zikizidi hakuna ubaya, diski inachukua inazohitaji. Zikipungua ndipo shida: adapta ya ruta ya volti 12 na ampea 1 inaweza kuiwasha taa ya diski na kushindwa kuizungusha, na utasikia tena ile tik.

Je, regilatere itasaidia? Kwa friji ndiyo. Kwa adapta ya diski, kidogo tu. Soma ubavuni: nyingi zimeandikwa 100-240V. Jioni, mtaa mzima ukipika kwa resho (jiko la umeme) na volti zikashuka hadi 170, adapta hiyo inajirekebisha yenyewe bila msaada. Adui yake ni volti za juu, na hasa pale nyutro (waya wa kurudisha umeme) inapokatika kwenye laini ya mtaa. Nyumba iliyokuwa ikipata 220 inaweza kujikuta ikielekea 380, na regilatere ya bei ndogo haina uwezo wa kulishusha hilo. Kinachosaidia hapo ni kile kifaa kinachochomekwa kabla ya friji, ambacho kinakata volti zikipanda au kushuka kupita kiasi na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Bei yake ni ndogo kuliko ya ondilere. Kinalinda adapta na saketi ya diski. Hakilindi faili lililokuwa likiandikwa, kwa sababu umeme unakatika vilevile.

Ondilere inafanya lile ambalo hayo mengine hayafanyi: inashika umeme. Ile ya VA 650 inayopatikana mjini kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390, na ndani yake mara nyingi kuna bateri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7. Kwa kompyuta ya mezani, skrini na diski kubwa, bateri ikiwa mpya, tarajia dakika kumi hadi ishirini. Zinatosha kufunga kazi. Hazitoshi kungoja umeme urudi, na hapa ndipo ondilere nyingi za Lubumbashi zinapofia. Mtu anaendelea kufanya kazi mpaka inalia na kuzimika, kesho vilevile, na bateri ya risasi haivumilii kumalizwa kila siku. Ikitunzwa inaishi miaka mitatu hadi mitano. Ikinyonywa hadi mwisho kila delestaji, inachoka mapema sana. Funga kazi, zima diski, kisha zima na ondilere yenyewe kwa kitufe chake.

Mwenye pesa kidogo asiogope ondilere ya mkono wa pili. Mara nyingi kilichoifanya iuzwe ni bateri iliyochoka tu, na ile ya volti 12 na ampea-saa 7 ni ya kipimo cha kawaida, inayouzwa peke yake. Muombe muuzaji aiwekee bateri nzima, achomeke taa ya wati 60 au skrini, kisha achomoe ondilere ukutani mbele yako. Ikishika bila kupepesa, saketi ni nzima. Bateri iliyovimba usiichukue hata ukipewa bure.

Halafu kuna ondilere ndogo za volti 12, zilizotengenezwa kwa ajili ya ruta, zenye bateri za lithiamu ndani. Kwa diski kubwa pekee, wazo hili ni zuri kuliko yote: hakuna kugeuza kwenda 220 na kurudi, hakuna feni, bei iko chini. Lakini nyingine zinatoa tu volti za bateri kama zilivyo, zikianza 12.6 na kushuka polepole kuelekea 9, wakati diski kwa kawaida inataka volti kati ya 10.8 na 13.2. Na ile ampea 2 iliyoandikwa nje inaweza isipatikane pale mota inapoanza. Fundi mwenye maltimita apime volti wakati diski inaanza na ondilere imechomolewa ukutani. Zikibaki juu ya 11.4, nunua kwa moyo mweupe.

Wenye sola wananiuliza sana kama diski ya volti 12 inaweza kuungwa moja kwa moja kwenye bateri ya volti 12. Hapana. Bateri ya risasi inapochajiwa na jua la mchana inafika 14.4, juu kabisa ya mpaka wa diski. Weka kati yake kigeuzi kinachotoa 12 thabiti, au tumia adapta yake ya kawaida kwenye invata ya nyumba.

Kuhusu genereta, sina mengi. Zima diski kabla ya kuhama kutoka umeme wa mji kwenda genereta na kabla ya kurudi, na ngoja mlio wa injini utulie ndipo uichomeke. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu yakikusanyika, chomoa adapta ukutani pamoja na kebo ya antena na ya mtandao inayoingia kwenye kompyuta ileile. Radi inapita popote penye waya, na hakuna kifaa cha bei ndogo kinachoizuia ikianguka karibu.

Kubadilisha diski yenyewe

Kama bado hujanunua, swali linakuwa jepesi. Kati ya diski kubwa ya volti 12 na ndogo ya volti 5, kubwa inakupa nafasi zaidi kwa kila dola, lakini ukiongeza ondilere inayoihitaji ili iwe salama, faida ile inayeyuka kwa mwenye laptopu. Mimi ningechukua ndogo bila kusita. Kubwa ni ya studio yenye kompyuta ya mezani ambayo ingehitaji ondilere hata hivyo.

Na SSD ya nje, yaani diski ya chipu isiyozunguka? Haina mota, kwa hiyo haina ule mwanzo mgumu, na kwa zile za aina ya SATA (zisizo za kasi kubwa) tundu la USB 3.0 linatosha vizuri. Ikianguka kutoka kwenye meza, uwezekano wa kupona ni mkubwa kuliko wa diski inayozunguka. Lakini isikudanganye kwamba haiogopi delestaji: umeme ukikatika inapoandika, faili linaweza kuharibika vilevile. Na haifai kuwekwa kabatini miaka mingi bila kuchomekwa, maana chaji inayoshika data inavuja polepole. Kwa anayehariri video, SSD ndogo ya kazi ya wiki hii pamoja na diski ya kawaida ya kuhifadhia kazi zilizokwisha ni mgawanyo mzuri kuliko diski moja kubwa ya bei sawa. Unapata pia nakala ya pili, na nakala ya pili inaokoa mahali ambapo kebo, ondilere na fundi wote wameshindwa.

Yasiyolipiwa franka hata moja

Diski nyingi za nje zinauzwa zikiwa na muundo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, kwa sababu unasomeka na Windows, Mac na televisheni nyingi. Muundo huo hauna daftari la mabadiliko, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuandika ni rahisi folda nzima kupotea. NTFS, muundo wa Windows, inalo daftari hilo na mara nyingi inajirekebisha ikiwashwa tena. Ikiwa unatumia Windows tu, hamisha mafaili yako kwanza, kisha umbiza (fomati) diski upya kwa NTFS. Kumbuka kwamba kuumbiza kunafuta kila kitu.

Kompyuta ikisema imemaliza kunakili, sehemu inaweza bado kuwa kwenye kumbukumbu yake. Tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, Windows 10 imepangwa iandike moja kwa moja kwenye diski za nje bila kungojesha, lakini kompyuta za Windows 7 zilizojaa ofisini na wale waliobadilisha mpangilio hawana uhakika huo. Toa diski kwa utaratibu kila mara, ungoje ipunguze mlio, ndipo uchomoe.

Mwisho, pima kazi uliyoifanya. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe. Kwenye diski nyingi zinazozunguka utakuta mstari wenye alama C0: unahesabu mara ambazo umeme ulikatika ghafla na vichwa vikalazimika kurudi mahali pake kwa haraka. Andika namba hiyo leo, kabla ya kununua chochote. Badilisha kebo, ufanye kazi kwa mwezi mmoja kama kawaida, na uitazame tena. Ikiwa imesimama, hifadhi pesa ya ondilere kwa ajili ya diski ya pili. Ikiwa inaendelea kupanda na wewe unaitoa kwa utaratibu kila siku, basi diski inakatiwa umeme mahali fulani: angalia kichwa cha kebo kinacholegea, bateri ya laptopu, au ile habu iliyo kwenye prizi.